Jambo Lililo Wazi

Vijana niliowasomesha ualimu wameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini mimi, Mpemba wa Makoongwe, kisiwa ambacho mpaka upande chombo ndipo ufike Mkoani, napenda kumtaja mbunge wa Butere, magharibi ya Kenya, mtu ambaye sikupata kuonana naye. Kila mara nilijibu kwa ufupi kwamba Martin Shikuku anafaa kujulikana na kila mwalimu. Sasa nimestaafu na wasaa ninao. Nataka kulieleza jibu hilo kwa kituo.

Shikuku aliingia Bungeni mwaka 1963, Kenya ikielekea kwenye uhuru wake. Alikuwa kijana, na chama chake cha KADU kilikuwa upande wa upinzani. Mwaka uliofuata KADU ilivunjwa na watu wake wakaingia KANU. Ukiondoa miaka ile michache ya KPU ya Oginga Odinga, 1966 hadi 1969, Bunge lilibaki mikononi mwa chama kimoja. Wengi hudhani kwamba penye chama kimoja hapana mjadala. Katika Bunge la Kenya la siku zile mjadala ulikuwapo, na sifa hiyo ni ya wabunge wachache wa viti vya nyuma, Shikuku akiwa miongoni mwa walio mbele. Silaha yake ilikuwa Kanuni za Kudumu za Bunge. Alizijua kama mwanafunzi mzuri anavyolijua somo lake, na alizitumia kusimama, kuuliza na kudai jibu. Watu wakamwita mlinzi wa wananchi.

Mwaka 1975 ulikuwa mwaka mzito. Mwezi Machi aliuawa J. M. Kariuki, mbunge aliyependwa na wanyonge, na maiti yake ikaokotwa katika vilima vya Ngong. Bunge likaunda kamati teule ya kuchunguza mauaji hayo chini ya Elijah Mwangale. Ripoti ilipoletwa mwezi Juni, ilikubaliwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, aliipigia kura ya kuikubali, na kwa kura hiyo akaondolewa uwaziri. Hapo kila mbunge alijua bei ya kusema.

Mwezi Oktoba, katika mjadala, Shikuku alisema kuwa kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama vile KANU ilivyouawa. Kelele zikazuka. Akadaiwa athibitishe kauli yake, kama kanuni zinavyotaka. Aliyekuwa kitini siku hiyo ni Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet. Seroney aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye, tarehe 15 Oktoba, polisi waliingia katika majengo ya Bunge na kuwakamata wote wawili. Hawakufikishwa mahakamani. Waliwekwa kizuizini hadi Desemba 1978, Mzee Kenyatta alipokuwa amekwisha kufariki na Rais Moi akawaachia.

Mimi nilisomesha walimu watarajiwa namna ya kujenga hoja, na kwa miaka mingi nimeipima hukumu ile ya Seroney. Darasani nilishikilia kwamba anayedai lazima athibitishe. Mwanafunzi akiniandikia kuwa jambo fulani "linajulikana na wote", nilimpigia mstari mwekundu. Je, Seroney alikosea? Kwanza, tutazame lililokuwa likizungumzwa. Tangu mkutano wa Limuru wa mwaka 1966, KANU haikufanya uchaguzi wa viongozi wake wa taifa kwa miaka kumi na miwili. Chama kilichobaki na jina na bendera, lakini wanachama wake hawaitwi kuchagua, kina uhai gani? Jambo hilo kila aliyekaa mle ndani alilijua. Pili, na hili ndilo kubwa, uthibitisho uliodaiwa ulipatikana katika muda wa siku sita. Shikuku alisema Bunge linataka kuuawa, na jibu alilopewa likawa polisi kuingia katika majengo ya Bunge. Waliotaka ushahidi wakautoa wenyewe. Mstari wangu mwekundu nimeubakisha, ila nimeongeza sharti moja: sema jambo la wazi mbele ya watu wanaolijua, tena mahali ambapo linaandikwa.

Kuandikwa huko ndiko kulikonigusa mimi zaidi. Mwaka ule wa 1975 nilikuwa mwalimu kijana, na Zanzibar hatukuwa na chombo cha kutunga sheria kilichochaguliwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, sheria zilitoka katika Baraza la Mapinduzi. Baraza la Wawakilishi lilianza Januari 1980. Kwa mtu wa umri wangu, basi, habari ya mbunge kusimama mbele ya mawaziri na kudai jibu, na maneno yake yakapigwa chapa katika Taarifa Rasmi, ilikuwa habari ya ajabu. Mtu anafungwa, lakini ukurasa unabaki.

Nasi Pemba tukaja kupata mtihani wetu. Katika uchaguzi wa 1995 CUF ilishinda majimbo yote 21 ya kisiwa hiki. Kwa kupinga matokeo ya urais, wawakilishi wake walisusia vikao vya Baraza hadi Muafaka wa Juni 1999. Baada ya uchaguzi wa 2000 walisusia tena. Januari 2001 roho za watu zikapotea katika maandamano, na viti hivyo vikaja kujazwa kwa uchaguzi mdogo wa Mei 2003. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na kurudiwa Machi 2016, chama hicho kilisusia kwa mara nyingine. Siwalaumu waliosusia. Anayeamini kwamba ameporwa haki yake hawezi kulazimishwa kukaa meza moja na anayemtuhumu, na kususia nako ni kauli. Lakini mimi ni mwalimu wa vitabu. Siku mjukuu wangu atakapofungua kumbukumbu za Baraza kutafuta watu wa Pemba walisema nini katika miaka hiyo, juu ya skuli zao, gati yao, karafuu zao, atakuta kurasa nyingi zisizo na sauti yetu. Kiti kitupu hakina ukurasa.

Sitaki msomaji adhani namfanya Shikuku kuwa walii. Aliwahi kuwa waziri mdogo katika serikali zile zile alizozikosoa. Mwaka 1991 alikuwa mmoja wa waasisi sita wa FORD, pamoja na Oginga Odinga, Muliro na Ahmed Bamahriz wa Mombasa. Mwaka mmoja haukupita sana FORD ikapasuka. Yeye akaenda FORD-Asili na Kenneth Matiba, Odinga akabaki na FORD-Kenya, na Moi akashinda urais wa 1992 kwa kura zisizofika nusu. Ulimi uliowatikisa mawaziri haukutosha kuwaweka wenzake pamoja. Kusema kweli barazani ni kazi moja, na kujenga chama ni kazi nyingine.

Shikuku alifariki tarehe 22 Agosti 2012, siku na mwezi ule ule aliofariki Mzee Kenyatta mwaka 1978. Mara nyingi hoja zake zilishindwa kwa kura, na serikali alizozibana ziliendelea kutawala. Hata hivyo, leo anayetaka kujua Kenya ilikuwaje mwaka 1975 hawezi kuliruka lile neno lake moja la Oktoba.

Kwa hiyo, kijana unayejiandaa kuwa mwalimu, au unayetamani siku moja kuwa mwakilishi wa jimbo lako, jifunze kanuni za nyumba unayoingia kabla ya kujifunza kupaza sauti. Usingoje mpaka uwe na kura za kutosha ndipo useme. Kura huhesabiwa siku moja. Lililosemwa na kuandikwa litasomwa na watu ambao bado hawajazaliwa, nao watataka kujua kama katika kizazi chetu alikuwapo aliyeliona jambo lililo wazi akalitaja.