Programu Yangu Ilisahau Upepo

Mliozoea kusoma hapa habari za Python na hifadhidata mtanisamehe, maana leo nataka kuongea juu ya sukuma wiki. Tarakilishi itaingia baadaye kidogo, na ikiingia itaingia kwa aibu.

Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya Voi, upande wa barabara ya kwenda Sagalla. Kama hujawahi kupita, Voi ni ule mji ulio kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, mlangoni mwa mbuga ya Tsavo Mashariki. Watu wakisikia Taita hufikiria Wundanyi, ukungu, migomba na vijito. Hiyo ni Taita ya mlimani. Sisi wa chini tuna udongo mwekundu, mkonge, tembo wanaotoka mbugani bila kubisha hodi, na jua. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550, nayo huja kwa misimu miwili, masika na vuli, ikipenda kuja. Tangu miaka ya 1950 bomba la chemchemi ya Mzima, iliyo katika kaunti yetu hii hii, hupeleka maji Mombasa. Sisi maji tunayasubiri kwenye mifereji na tunayanunua kwa lori.

Mwishoni mwa 2024 vuli ilikuwa haba. Mama ana shamba dogo la mboga, na mimi, mwanawe mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, nikaona wakati umefika wa elimu kurudi nyumbani. Nikamshawishi akope shilingi 18,000 kwenye chama chao cha akina mama. Akanunua mabomba ya umwagiliaji wa matone na miche 300 ya sukuma wiki. Eneo ni mita 60 za mraba. Deni lingelipwa kwa mauzo ya mboga, na kitakachobaki kingemsaidia mdogo wangu aliye kidato cha tatu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika programu.

Niseme programu ilifanya nini, kwa sababu najua mko wenye hamu. Mmea hunywa maji, kisha maji hayo hutoka kwenye majani kama mvuke. Udongo nao hutoa mvuke wake. Ukijua kiasi kinachopotea kwa siku, unajua kiasi cha kurudisha. Hupimwa kwa milimita, kama mvua, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kuna kanuni ya Hargreaves ya 1985 ambayo ni rahisi kuliko zote. Haikuulizi kitu ila joto la juu la siku, joto la chini, na nguvu ya jua kwa mahali ulipo na tarehe ya siku hiyo. Nilivyoiandika mimi ni mstari mmoja tu:

mvuke = 0.0023 * jua * (wastani + 17.8) * sqrt(juu - chini)

Siku ya joto la 34 mchana na 22 usiku, kwa Voi mwezi wa Februari, inakupa kama milimita 5.6. Zidisha kwa mita 60: lita 336. Sukuma wiki iliyokwisha kufunga majani hunywa karibu kiasi hicho. Kila alfajiri programu ilichukua joto kutoka mtandaoni, ikapiga hesabu, ikamtumia Mama arafa kwenye simu yake ya kubonyeza: "Leo lita 336." Nilijiona bingwa. Nilikuwa Nairobi, naye alikuwa anamwagilia kwa akili yangu.

Desemba yote mambo yalikwenda sawa. Sukuma ikashika, ikapanuka. Januari 2025 nikaja nyumbani siku mbili, na hapo ndipo nilipofanya kosa. Upande wa mashariki wa shamba kulikuwa na safu mbili za mbaazi za mwaka uliopita, zimenizidi kimo. Nikaangalia mizizi yake ilivyokaribia mabomba, nikapiga hesabu ya maji zinayoiba, nikamwambia Mama tuzikate.

"Hizo ziache," akasema. "Zinakinga upepo."

"Mama, upepo si jua. Upepo unapoza."

Alininyamazia kidogo, kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Panga nilishika mimi mwenyewe.

Wenye kujua mwambao wanajua Januari na Februari ni miezi ya kaskazi. Kule kwetu haina bahari ya kuilainisha, inapita nyikani ikiwa kavu. Baada ya siku kumi Mama alinipigia. Majani yalikuwa yameungua kingo, mengine yamepasuka kwa kupigwa, na mchana shamba lote lilikuwa limelala chini. Nikamuuliza kama alimwagilia lita zote. Akasema ndiyo, mwanangu, kama arafa ilivyosema. Nikakagua msimbo. Hapakuwa na hitilafu yoyote. Nikamwambia asubiri, mimea ingezoea. Ikapita wiki nyingine ndipo nikapanda basi. Nilikuta miche 170 imekufa, na iliyobaki haikuwa ya kupeleka sokoni.

Mama hakunigombeza. Alikuwa anafua. Alichukua leso mbili zilizolowa sawasawa, moja akaianika nyuma ya jiko, kwenye jua lakini ukuta umeikinga, ya pili akaianika uwanjani upepo unakopita. Nilidhani anaanika nguo tu. Tulipomaliza chai akaniambia nizishike. Ya uwanjani ilikuwa kavu kabisa. Ya nyuma ya jiko bado ilikuwa na unyevu kwenye pindo.

"Jua ni lile lile," akasema. "Huu upepo unakunywa kuliko jua."

Usiku huo nilifungua kitabu ambacho ningepaswa kukifungua Novemba, mwongozo wa FAO namba 56 wa 1998. Humo mna kanuni ndefu zaidi, ya Penman na Monteith, inayotaka joto, unyevu wa hewa, jua, na kasi ya upepo. Na mwongozo huo huo unaonya waziwazi kwamba ile kanuni fupi ya Hargreaves hupunja makadirio pale upepo unapozidi mita 3 kwa sekunde. Onyo liko pale pale chini ya kanuni. Mimi nilinakili kanuni nikaacha onyo.

Sababu yenyewe si ngumu. Jani limezungukwa na utando mwembamba wa hewa iliyokwisha kupata unyevu kutoka kwa jani lenyewe. Hewa ikitulia, utando huo unakaa kama blanketi na maji hutoka polepole. Upepo mkavu unapoupeperusha, jani linatoa mwingine, nao unapeperushwa, hivyo hivyo mchana kutwa, mpaka mizizi inashindwa kuleta maji kwa kasi inayotakiwa. Nilipiga hesabu upya kwa siku ile ile ya joto 34, nikaweka hewa kavu na upepo wa mita 5 kwa sekunde. Jibu: milimita 7.6. Hiyo ni lita 456. Kila siku niliikosesha mboga ya Mama lita 120, yaani mitungi sita ya lita 20, huku nikimtumia arafa zenye namba kamili bila hata ya "takriban".

Tena nilipoweka upepo wa mita 2 kwa sekunde, ikatoka 5.8, karibu sawa na jibu langu la zamani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Desemba ilikwenda vizuri. Programu yangu ilikuwa sahihi kwa sababu ya mbaazi, na mimi nikazikata mbaazi kwa kuiamini programu.

Tulichofanya baadaye nitakieleza kwa ufupi kwa wenye mashamba ya namna yetu. Tumepanda mbaazi tena, na wakati zinakua tumesimamisha milingoti ya mkonge na kufunga neti. Usijenge ukuta mzima. Upepo ukigonga ukuta unaruka juu na kuanguka nyuma yake kwa vurugu, lakini kizuizi chenye matundu karibu nusu kinaupunguza mwendo, na kinga yake hufika mbali, kama mara kumi ya kimo chake. Chini tumetandaza matandazo ya nyasi kavu ili udongo usikae wazi. Tunamwagilia jioni. Nami nimefunga kipima upepo cha vikombe vitatu, mita mbili kutoka ardhini. Ukitumia namba za kituo cha hali ya hewa kinachopima kwenye mita 10, zidisha kwa 0.75 kwanza, kwa sababu karibu na ardhi upepo ni mpole zaidi.

Kuhusu deni, nilitaka kulilipa lote. Mama alikataa. Alisema alikopa kwa jina lake na alikubali kwa mdomo wake, nusu atalipa yeye. Mwezi huo aliuza mbuzi mmoja. Sikuwa na la kusema.

Arafa bado zinakwenda kila alfajiri, ila sasa zina upepo ndani yake, na nimeongeza kitu kimoja. Mama akichimba kidole kwenye udongo akaona hesabu haikubaliani na anachokigusa, anajibu kwa lita zake mwenyewe, na programu inatumia zake. Mwezi uliopita amenisahihisha mara tisa. Nimeangalia kumbukumbu zote za kipima upepo za siku hizo. Mara saba alikuwa sahihi kuliko mimi.