Shahada, Deni na Kijana Wetu wa Chicago



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi,

Majuzi tulipokea ujumbe wa sauti kutoka Chicago. Ni mama mmoja ambaye mwanawe tulimsomesha Juzuu Amma hapa Buyenzi, Bujumbura, kabla familia yao haijahamia Marekani. “Maalim,” alisema, “mwanao anataka kusomea shahada ya haki jinai. Chuo kinamtaka akope. Nimemwambia asitie saini mpaka nisikie kutoka kwako.”

Tulijibu papo hapo: “Riba haramu. Aache.” Kisha tukarudi darasani. Wiki mbili zikapita kijana asitupigie, naye hakuwa na desturi ya kupitisha Ijumaa bila kutusalimia.

Ndugu zetu, tuseme ukweli kwa nini tulikuwa wakali. Tulipomzika baba yetu, ilitangazwa makaburini kama ilivyo ada kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Akajitokeza mwenye duka. Tulikuwa na umri wa miaka 19, na deni lile tulililipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Tangu siku hiyo, kila tunaposomesha ile hadithi iliyomo katika Bukhari, ya Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) kujizuia kumswalia maiti aliyeacha deni mpaka Abu Qatada alipolibeba, sura ya baba hutujia.

Lakini hofu yetu haikumsaidia kijana. Hukumu ya riba tulikwisha mfundisha wenyewe. Alichotaka ni mtu wa kukaa naye na kupiga hesabu. Basi usiku mmoja baada ya Isha, kwao ikiwa mchana, tukampigia sisi. Tukamwomba radhi, kisha tukamwuliza tulilopaswa kumwuliza mwanzo: unataka kufanya kazi gani?

Akasema anataka kuwa afisa wa probesheni, yaani yule anayemsimamia mtu aliyehukumiwa akiwa nje ya gereza. Kaka yake aliwahi kukamatwa, na afisa wa namna hiyo ndiye aliyemfuatilia mpaka akarudi shule.

Tukafungua daftari. Kwa takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2023, polisi na wapelelezi walikuwa na mshahara wa kati wa karibu dola 74,900 kwa mwaka, maafisa wa probesheni karibu 61,800, na askari magereza karibu 53,300. Hapo kijana akashangaa, maana idara nyingi za polisi na magereza humchukua mwenye cheti cha sekondari na kumfunza zenyewe. Anayelipwa zaidi huenda hana shahada kabisa! Kazi anayoitaka yeye ndiyo kwa kawaida hudai shahada.

Kisha tukahesabu deni. Mwanafunzi anayetegemea wazazi huweza kukopa serikali kuu dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 kila mmoja wa miaka miwili ya mwisho. Jumla 27,000. Kwa riba ya asilimia 6.53 ya mwaka 2024-25, angelipa karibu dola 307 kila mwezi kwa miaka 10, na karibu 9,800 kati ya fedha hizo ni riba tupu. Ipo sheria ya tangu 2007 inayomsamehe salio mtumishi wa umma baada ya malipo 120, lakini msamaha wa mwisho haufuti mkataba uliotiwa saini mwanzo.

Tukamsimulia pia habari ya Chuo cha Westwood. Mwaka 2012 mwanasheria mkuu wa Illinois, Lisa Madigan, alikishtaki kwa kuwapotosha wanafunzi wa haki jinai kwamba shahada yake ingewafungulia kazi za polisi, ilhali waajiri wakubwa wa jimbo hilo hawakuitambua. Chuo kilifungwa 2016. Mwaka 2022 serikali ikawafutia wanafunzi wake 79,000 deni la dola bilioni 1.5. Wengine walikuwa wamelibeba miaka kumi na zaidi.

Wapo wanazuoni waliolegeza mkopo wa masomo kwa dharura, na wapo waliokataa. Sisi si mufti. Tulimwambia tu kwamba dharura haidaiwi kabla milango mingine haijabishwa. Mlango ulikuwepo. Mwaka wa masomo 2024-25 chuo cha jamii cha miaka miwili kilitoza kwa wastani karibu dola 4,000 kwa mwaka, na ruzuku ya serikali iitwayo Pell, isiyorudishwa, ilifika 7,395 kwa familia ya kipato cha chini. Kisha atahamia chuo kikuu cha jimbo, ambako ada ya wastani mwaka huo ilikuwa karibu 11,600. Kwa hesabu hiyo, akiipata ruzuku yote, pengo lilikuwa karibu 4,200 kwa mwaka, kwa miaka miwili.

Sasa ameanza chuo cha jamii. Analala kwa mama yake, na mwisho wa wiki anafanya kazi ghalani. Kwa pengo lile wajomba wameahidi qardhi hasana, na tumewaomba waandike, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur’an imekuja kwa ajili ya kuandika deni. Bado hazijatimia. Tusaidieni kwa dua.

Nanyi wazazi, mtoto akikuleteeni karatasi ya mkopo, msijibu haraka kama tulivyojibu sisi. Mwulizeni kazi gani anaitaka, kama waajiri wa kazi hiyo wanaitambua shahada ya chuo hicho, na kama ipo njia isiyo na riba. Kaeni naye mpaka hesabu iishe.

Ijumaa iliyopita simu ililia kabla ya Maghrib. “Assalaamu ‘alaykum, Maalim.” Al-hamdu lillahi.

Wabillahi tawfiq.