Mstari wa mvua: kupanga chati za Kitui na Makueni

Mwezi mzima nimekuwa nikichora mvua, nikaona niwamegee kidogo. Kupanga chati ya mstari kwenye tovuti kunaonekana ni kazi ya rangi na unene tu, mpaka siku utakayogundua kwamba anayeitazama chati yako ana mbegu mkononi.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna kikundi cha wakulima, wengine wako Makueni na wengine ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, ambao wanapima mvua wenyewe. Kipimamvua ni chombo rahisi sana. Kila siku saa tatu asubuhi mtu anakisoma, anaandika milimita kwenye daftari, anamwaga maji, basi. Daftari kongwe kuliko yote ni la mwalimu mmoja mstaafu ambaye mwandiko wake ungefaa kuwa fonti. Kikundi kilikuwa tayari na ukurasa kwenye intaneti, uliotengenezwa na fundi mwingine kabla yangu. Mimi niliombwa niufanye upendeze.

Maktaba niliyoikuta humo ni Chart.js, nami sikuona sababu ya kuibadilisha. Kwa wasiojua, maktaba ni rundo la msimbo ambalo mtu mwingine ameshaandika, wewe unaliita tu likufanyie kazi. Hii aliianzisha Nick Downie mwaka 2013, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na unaipa orodha ya tarehe na orodha ya namba, inakuchorea. Shida ya maktaba yoyote ya chati ni kwamba usipoiambia kitu, haikai kimya. Inajichagulia. Na kila inachojichagulia ni dai fulani kuhusu mvua ya watu.

Tuanze na mstari wenyewe. Una nukta mbili, ya Jumatatu na ya Jumatano. Ukiziunganisha kwa mstari umesema kitu kuhusu Jumanne, hata kama hukukusudia. Joto linavumilia hilo, kwa sababu halipotei usiku kucha na kurudi asubuhi. Mvua haivumilii. Mvua ya Ukambani inapiga siku moja, inanyamaza wiki, inarudi na radi. Kwa mvua ya siku kwa siku mimi natumia vijiti, na mstari nauweka kwa jumla tangu msimu uanze: leo tumefika milimita ngapi tukihesabu kutoka tarehe 1 Oktoba. Hapo mstari una haki yake, maana jumla ya jana ipo leo. Na mkulima anausoma bila kufundishwa. Ukipanda ni mvua, ukilala ni jua.

Sasa tuje kwenye siku tisa.

Katika chati ya zamani kulikuwa na Novemba moja ambayo mstari wake ulilala kabisa kwa siku tisa, mara tu baada ya mvua za kwanza. Kamati ya kikundi ilikuwa imeiona, ikaijadili mikutano miwili. Hoja ilikuwa kwamba huo ni ushahidi: mvua ya kwanza ni ya kudanganya, mbegu zitaota kisha zitaungua, kwa hiyo msimu unaofuata wanunue mbegu na kupanda wiki mbili baadaye. Wiki mbili si kitu kidogo huko. Mvua za vuli huanza kushika mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na Desemba ikiendelea zinapungua. Ndengu inahitaji miezi miwili na ushei, mahindi hata ya muda mfupi yanahitaji zaidi. Ukichelewa wiki mbili, mahindi yanatoa maua wakati mvua inafunga virago.

Niliomba daftari nilione kwa macho yangu. Siku zile tisa hazikuwa na sifuri. Hazikuwa na kitu.

"Mwalimu, hizi siku hakukunyesha?"

"Nani amekwambia hakukunyesha? Sikuwepo, kijana wangu. Nilikuwa Nairobi kwa binti yangu. Siku kavu naandika sifuri, tazama hapa, na hapa. Nisipokuwepo siandiki."

Mpangilio safi kuliko hifadhidata nyingi nilizowahi kuona kazini. Aliyenakili daftari kwenye kompyuta aliheshimu hilo, visanduku aliviacha vitupu. Kosa lilikuwa kwenye msimbo wa ukurasa. JavaScript ina tabia moja ambayo kila mwenye kuitumia lazima aijue: ukiiambia Number('') inakujibu 0. Ndiyo, maandishi matupu yanageuka sifuri, bila onyo, bila rangi nyekundu. Kisanduku kitupu cha mwalimu kilipita hapo kikatoka siku ya ukame. Dawa yake ni fupi:

var mm = (s.trim() === '') ? null : Number(s);

Chart.js ikikutana na null inaacha pengo. Kuna mpangilio uitwao spanGaps, na ukiuwasha unaruka pengo na kuunganisha pande mbili kwa mstari ulionyooka. Usiuwashe kwa sababu tu chati inaonekana "imekatika". Imekatika kwa sababu habari imekatika.

Lakini kwa jumla ya msimu, pengo peke yake halitoshi, na hapa nilikaa siku mbili. Kama hatujui mvua ya siku tisa, jumla ya baada ya hapo nayo hatuijui. Tunachojua ni kwamba si chini ya kiasi fulani. Nikaamua mstari uendelee baada ya pengo ukiwa wa vipande vipande. Toleo la sasa la Chart.js linaruhusu kupanga kila kipande cha mstari kivyake kupitia segment:

segment: {
  borderDash: function (c) {
    return c.p0DataIndex >= pengo ? [6, 4] : undefined;
  }
}

Hapo pengo ni nafasi ya siku ya kwanza iliyokosekana. Chini ya chati nikaandika kwa maneno ya kawaida: "Mstari uliokatikakatika maana yake mvua haikuwa chini ya hapa, huenda ilizidi." Kijana mmoja wa kamati alisema chati imeharibika. Mama mmoja jirani wa mwalimu, ambaye naye ana kipimamvua chake, alifungua daftari lake palepale. Katika siku zile tisa alikuwa ameandika mvua siku nne. Namba zake sikuzitia kwenye pengo la mwalimu, shamba lake liko mbali na mvua ya kule ni ya vipande. Nimezichora kama mstari wake mwenyewe. Tarehe ya kununua mbegu ilibaki ilipokuwa.

Jambo la pili ni mikunjo. Chati ya zamani ilikuwa na mistari laini iliyojipinda kama barabara ya kupanda Mbooni, na ndiyo watu waliyoisifu. Upinde huo unatoka kwenye tension. Katika toleo la 2 la Chart.js kiwango chake cha kuanzia kilikuwa 0.4, yaani mstari unajipinda hata kama hukuomba. Toleo la 3 la mwaka 2021 liliushusha hadi 0, mstari ukanyooka. Uzuri wa upinde una gharama. Tuseme jumla imetoka milimita 20 ikapanda hadi 80 kwa mvua moja kubwa, kisha jua likawaka wiki nzima, jumla ikabaki 80. Mstari laini hauwezi kukata kona ghafla. Unapita juu ya 80 kidogo, halafu unashuka kurudi. Soma tena: jumla ya mvua inashuka! Maji yametoka ardhini yakarudi mawinguni. Mkihitaji ulaini kwa lazima, wekeni cubicInterpolationMode kuwa 'monotone', ambayo imetengenezwa isivuke nukta. Mimi niliacha pembe zikae kali. Mvua yenyewe ndivyo ilivyonyesha.

Mhimili wa chini ulinipa raha. Ukiiachia kompyuta, mwaka unaanza Januari, na hilo linaukata msimu wa vuli mkiani: mvua za mwisho zikifika Januari zinahesabiwa mwaka mwingine. Huko mwaka wa shamba unaanza Oktoba. Nikaweka siku kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Januari, kila msimu mstari wake, yote juu ya mhimili mmoja. Majina ya miezi kivinjari kinayajua kwa Kiswahili ukikipa 'sw-KE', hakuna haja ya kuandika orodha kwa mkono. Mvua za Machi hadi Mei zina chati yake ya pili, ndogo. Kwa maeneo haya vuli ndiyo inayotegemewa zaidi, na sikuona sababu ya kuzipa misimu miwili ukubwa sawa eti kwa ajili ya ulinganifu.

Mhimili wa kusimama ni hatari zaidi kwa sababu unadanganya kwa upole. Kila chati ikijipimia yenyewe, juu kabisa panakuwa kile kipimo cha juu cha chati hiyo. Weka chati ya vilima vya Kilungu kando ya chati ya Mtito Andei, zote zitajaza kisanduku, na mgeni atadhani wanapata mvua sawa. Hawapati, wala hawajawahi. Vivyo hivyo katikati ya Kitui na kusini huko Mutomo. Nikaweka beginAtZero na max moja kwa chati zote. Matokeo yake ni kwamba vuli ya 2023, ile ya El Niño, inapaa karibu na dari, na vuli ya 2022, iliyofunga misimu mitano mfululizo ya mvua haba katika sehemu kavu za Kenya tangu vuli ya 2020, inatambaa chini karibu na sakafu. Mtu mmoja aliniomba niinyanyue kidogo "ionekane". Inaonekana. Ndivyo ilivyokuwa.

(Desturi hii ya kuchora namba kwa mistari ni ya zamani. William Playfair wa Scotland alichapisha kitabu cha chati za biashara ya Uingereza mwaka 1786, mingi ikiwa ya mistari. Alipiga picha za hazina za wafalme, sisi tunapiga za ndengu.)

Mtindo sasa, ambao ndio niliitiwa. Kikundi hakisomi chati kwenye kompyuta. Wachache wanaiona kwenye simu za bei nafuu, na wengi wanaiona kwenye karatasi iliyotolewa kopi mjini Wote, ikabandikwa ukutani. Mashine ya kopi haijui nyekundu wala kijani. Zote zinatoka kijivu kimoja. Kwa hiyo misimu ya zamani nimeichora kwa unene wa 1 na kijivu hafifu, msimu huu kwa unene wa 3 na nyeusi, na msimu uliopita kwa vidoti. Nukta nimeziondoa kwa pointRadius: 0, maana siku 123 zenye nukta kila moja ni kama mchwa ukutani. Animesheni nimezima: kwenye simu dhaifu inakwamakwama, na kwenye karatasi haina kazi. Kisanduku cha maelezo ya rangi nimekifuta pia, nikaandika mwaka mwishoni mwa kila mstari.

Nilipompelekea mwalimu karatasi ya kwanza, alivaa miwani, akafuata mstari mnene kwa kidole hadi ulipoishia, akauliza kama naweza kuacha nafasi zaidi upande wa kulia. Anataka kuendeleza mstari mwenyewe kwa kalamu kila asubuhi, mpaka mtu atakapokwenda tena mjini kutoa kopi nyingine. Nimeongeza layout.padding upande huo, na mistari ya gridi sasa iko kila milimita 50 ili rula yake ipate pa kushika.