Kushindwa na Mashine

Hapa Kamatanda, kando ya mji wa Likasi, tuna desturi ya kucheza sataranji na vijana wachache siku ya Jumamosi. Mmoja wao, mwepesi wa akili kupita wenzake, aliacha kuja. Tulipomwuliza sababu, alijibu: «Mwalimu, ninacheza na simu ya kaka yangu. Imenishinda kila mara. Ya nini kujisumbua?» Tukamkemea kwa uvivu. Usiku ule tukatambua ya kuwa tumemkosea. Hakuwa mvivu, bali alikuwa amevunjika moyo. Nayo ni maradhi mawili yasiyopona kwa dawa moja.

Ndipo tulipokumbuka habari za Garry Kasparov, bingwa wa dunia. Mwaka 1996, huko Philadelphia, kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda katika mchezo wa kwanza. Hakukata tamaa; aliichunguza tabia yake, akashinda kwa 4 dhidi ya 2. Mwaka 1997 wakarudiana huko New York. Safari hii mashine iliweza kupima mikao milioni 200 kwa sekunde moja, naye hakupewa michezo yake iliyotangulia apate kujifunza. Alishinda mchezo wa kwanza. Katika wa pili alisalimu amri mahali ambapo, kama ilivyoonekana baadaye, angaliweza kupata sare. Shaka ikamwingia. Zikafuata sare tatu, na tarehe 11 Mei akaanguka katika hatua 19 tu. Twaweza kusema moyo wake ulishindwa kabla ya mfalme wake.

Vladimir Kramnik alipopambana na Deep Fritz kule Bahrain mwaka 2002, alikuwa amepewa programu hiyo mapema, akaisoma. Alijua ya kuwa mashine hupata nguvu katika vurugu. Basi akabadilishana malkia mapema ili mchezo utulie. Baada ya michezo minne alitangulia kwa 3 dhidi ya 1. Lakini alikosea katika wa tano, na katika wa sita akatamani ushindi wa kupendeza, akamtoa farasi wake, akashindwa. Mwisho wakatoka 4 kwa 4. Matayarisho yalimfikisha mbali, ila mashine haichoki wala haijivuni.

Leo hakuna bingwa awezaye kutumaini kuishinda programu iliyo bora. Je, mtoto wetu acheze kwa ajili ya nini?

Tulikwenda kwao, tukamwomba radhi kwanza. Kisha tukamwambia: «Usiiulize simu kama utaishinda. Iulize ulikosea wapi.» Tukaandika pamoja mchezo mmoja aliopoteza, tukaurudia hatua kwa hatua. Katika hatua ya kumi na mbili akapiga kelele: «Hapa, Mwalimu! Nilikuwa na haraka.»

Sasa huja kila Jumamosi na daftari lake. Simu ingali ikimshinda. Lakini juma lililopita alitushinda sisi, nasi tulifurahi, ingawa, tukisema kweli, si papo hapo.