MIKOROSHO 60, TIKETI MOJA YA BRAZIL

Wiki hii naomba niungame mbele yenu. Mwenzenu nilikuwa nimeshajiona Mbrazil.

Ilianza hivi. Mshikaji wangu mmoja, tumekua naye Temeke, yuko São Paulo tangu 2022. Kila Jumapili simu yangu inajaa picha zake: yeye na ghorofa, yeye na nyama choma, yeye na jezi ya njano. Usiku mmoja akaniandikia: "Njoo bwana. Chumba kipo, kazi ya kuosha vyombo mgahawani ipo, Kireno utakiokota hukuhuku." Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nikajitazama kwenye kioo nikajiambia, wewe umri unakwenda, Dar imekubana, unangoja nini?

Nikafanya hesabu. Wakala wa tiketi akanitajia milioni tatu na ushee, kwenda tu. Mfukoni nilikuwa na laki nne. Nikakuna kichwa, kisha nikakumbuka: mbona mimi ni mtu mwenye mali? Marehemu mama aliniachia mikorosho 60 kijijini kwao, barabara ya Kilambo, mkoani Mtwara. Nikapiga simu mbili tatu, akapatikana mnunuzi. Milioni nne taslimu, ila anataka shamba na korosho zake juu, maana msimu umeanza. Tatizo moja tu. Sisi Wamakonde ukoo tunaufuata kwa upande wa mama. Mikorosho ile bila mjomba huuzi hata jani.

Basi mwezi wa kumi, alfajiri, nikapanda basi Mbagala. Wanaoijua njia ya Kusini ya zamani watakwambia habari za kulala Rufiji siku mbili mkingoja kivuko, na mabasi kuzama kwenye tope. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na sasa unakunywa chai Dar, jioni unaiona Mtwara, kilomita zipatazo 560. Kibiti, Ikwiriri, Nangurukuru, Lindi, halafu ghafla bahari inakuja mpaka ubavuni mwa barabara: hapo ni Mikindani. Nyumba za mawe, minazi, na ngome ya Wajerumani juu ya kilima. Livingstone aliondokea hapa 1866 kwenda bara, na hakurudi tena pwani akiwa hai. Jirani yangu kitini aliponisimulia hayo nilicheka. Baadaye nikaacha kucheka.

Mjomba nilimkuta shambani ameinama, anaokota.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umekuja kunisalimu au umekuja kuuza?"

Wee! Habari zilikuwa zimefika kabla ya basi.

Hakunigombeza. Alinipa ndoo tu, akasema tuongee huku tunaokota. Kama hujawahi kuokota korosho mwezi wa kumi, ngoja nikuambie. Mabibo yametapakaa chini, mekundu na ya njano, harufu yake tamu inapanda kichwani kama mvinyo. Unaokota bibo, unanyonga korosho, unatupa kwenye ndoo. Saa ya kwanza ni mchezo. Saa ya tatu kiuno kinakuuliza kama kweli wewe ni mtoto wa huku. Jioni ukirudi, pembeni ya njia watu wamekaa na uraka wao, pombe ya mabibo, wanakukaribisha.

Usiku tukiwa kwenye ming'oko na samaki, nikamweleza mjomba habari za Brazil. Nchi kubwa kuliko zote Amerika Kusini, nikasema, watu zaidi ya milioni 200. Mzee akaniuliza wanakula nini. Nikasema mihogo ipo kwa wingi. Akaniuliza na miti gani. Nikafungua simu nitafute, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa.

Msomaji wangu, mkorosho kwao ni Brazil! Kaskazini-mashariki ya Brazil ndiko asili yake. Wareno ndio waliouleta Msumbiji katika karne ya 16, ukasambaa ukaja mpaka Mtwara. Tunda lake waliliita caju, jina walilolitoa kwa wenyeji wa kulekule, na ndiyo maana wazee wa pwani mpaka leo bibo wanaliita kanju. Hata muhogo ulikuja kwa njia hiyohiyo. Karibu na mji wa Natal uko mkorosho mmoja, mti mmoja tu, matawi yake yakigusa ardhi yanaota mizizi na kuendelea. Umefunika zaidi ya mita za mraba 8,000, zaidi ya uwanja wa mpira! Nikachukua ramani: ukitoka Mtwara ukaenda moja kwa moja magharibi, ukavuka Afrika yote na bahari ya Atlantiki, unatokezea Brazil, upande wa Maceió. Ila saa zao ziko nyuma yetu kwa sita.

Nikamwambia mjomba: unaona? Nauza mti wa Brazil niende Brazil. Nadhani ni Mungu ananionyesha njia.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema: "Kesho tuna mapumziko. Nitakupeleka Msimbati nikakuonyeshe nyumba ya mtu aliyehama kama unavyotaka wewe."

Kwenda Msimbati unapita Madimba, penye mtambo wa gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba la kwenda Dar likakamilika 2015. Baada ya hapo ni mchanga, bodaboda inayumba kama mlevi. Lakini ukifika, lo! Bahari ya kijani inayoingia bluu, mchanga mweupe, na ngalawa zimepumzika. Eneo lote, mpaka mdomo wa Ruvuma, ni hifadhi ya bahari tangu 2000. Mbele kidogo, Ruvula, mjomba akanionyesha magofu.

Hapo aliishi Mwingereza, Latham Leslie-Moore. Wenyeji wanamsimulia mpaka leo. Alihama kwao, akaipenda sehemu hii, akajenga. Nani angemlaumu? Ungeiona bahari ile ungejenga pia. Lakini haikumtosha kukaa. Alitaka Msimbati iwe nchi huru peke yake, akaanza kuipigania. Mwaka 1967 serikali ikamfukuza nchini. Nyumba ikabaki na popo.

"Huyu," mjomba akasema, "alikuja ugenini akataka ugeni ndio uwe wa wenyeji. Babu yako hakuja hivyo."

Hapo ndipo nikaijua habari ambayo mama hakuwahi kunisimulia vizuri. Babu alikuwa mtu wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, na baada ya hapo, na hasa vita vilipoanza 1964, Wamakonde wengi walivuka mto kuja upande huu. Babu alivuka na mkewe, mjomba akiwa mtoto mgongoni, na mfuko mdogo wa mbegu za korosho. Alipopewa kipande cha ardhi hakuanza na nyumba. Alianza na mashimo ya mikorosho. Mjomba alisema wenyeji wakipita wakaona mtu anapanda mti wa kungoja miaka, wakajua huyu hatachukua kitu akakimbia. Mama alizaliwa chini ya mikorosho ile. Kwa hiyo mimi ni mjukuu wa mhamiaji, na mti ninaoutaka kuuza ni mhamiaji mwenzangu!

Siku ya tatu nilikwenda Kilambo peke yangu, nikauone mto. Ruvuma pale ni mpana, maji ya rangi ya udongo, mikoko imejipanga kuelekea baharini, na wenyeji wanakuonya kuhusu viboko kabla hujaweka mguu majini. Ng'ambo ni Msumbiji. Kijana mmoja wa makamo yangu alikuwa anatengeneza wavu. Tukapiga stori. Aliwahi kuvuka kwenda Montepuez kwenye machimbo ya rubi, akawa na hela, akawa na mchumba. Mapema 2017 Watanzania wakafukuzwa kule. Alirudi na kaptula aliyovaa.

"Kule hawakuniuliza najua kazi gani," aliniambia. "Waliniuliza karatasi."

Oktoba mwaka huohuo vita vya wanamgambo vikaanza Cabo Delgado, na Machi 2021 mji wa Palma ukavamiwa, watu wakakimbilia mtoni. Mto uleule aliouvuka babu.

Neno karatasi likaniingia. Nikakumbuka Wamakonde wenzetu waliotoka Msumbiji kwenda Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Kwale, tangu miaka ya 1930. Watoto wao, wajukuu wao, walizaliwa Kenya lakini hawakuwa na kitambulisho, mpaka walipotembea kwenda Nairobi 2016, na 2017 wakaanza kupewa, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Miaka 80 hivi bila karatasi!

Sasa mimi karatasi yangu ilikuwa ipi? Hapa ndipo ungamo lenyewe, msomaji. Mshikaji alikuwa ameninong'oneza: viza ya nini, wewe kata tiketi ya nchi nyingine inayopitia São Paulo, ukifika uwanjani usipande ndege ya pili, omba hifadhi. Yeye ndivyo alivyoingia. Nikiwa nimekaa pale Kilambo kwenye gogo nikatafuta habari kwenye simu, mtandao unakuja unakata. Tangu Agosti 2024 Brazil imeufunga mlango huo. Msafiri anayepita bila viza anaambiwa aendelee na safari yake au arudi alikotoka. Maana yake ningeuza mikorosho 60 ili nikaone kiwanja cha ndege!

Nikampigia mshikaji. Kimya kidogo, halafu akasema: "Ah, mimi nilidhani bado." Sikumlaumu. Yeye mlango ulikuwa wazi. Ila nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza katika Jumapili zote zile: wewe kwani unakuja lini kusalimia? Akajibu taratibu kwamba nauli bado, na nyumbani hana pa kufikia, kiwanja cha baba yao walikiuza ili aende.

Nilirudi kijijini kwa miguu sehemu ya njia. Jioni nikampigia mnunuzi nikamwambia biashara imekufa. Akanitukana kidogo, nikapokea. Mjomba hakusema kitu. Alisogeza ndoo tu, kisha baadaye, tukiwa gizani, akasema: "Mpwa wangu, mimi sijakukataza kwenda. Nauli ya kwenda mtu hukopa. Ya kurudi iache imesimama shambani."

Nilikaa wiki mbili nikaokota mpaka kucha zikawa nyeusi. Tukapeleka ghalani kwenye chama cha msingi kilo 580, sasa tunangoja mnada. Kilo ikienda shilingi 3,000, kabla ya makato, ni milioni 1.74. Haijatosha tiketi, najua. Lakini mwakani zitakuwepo tena, na mwaka unaofuata, na mti uko palepale. Na safari hii nitaanzia kwenye ubalozi wao hapa Dar, nijaze fomu kama mtu na akili zake.

Kireno nimeanza. Si tumeshakianza sote? Meza, leso, bendera, karata, padri, mvinyo, yote Wareno walituachia. Ukiongeza kanju, tayari unaweza kuagiza kinywaji ukiwa umekaa.

Nyinyi vijana wenzangu mnaouza kiwanja cha baba ili mkaoshe vyombo vya watu, siwazuii. Nawauliza tu: karatasi unayo? Na ukichoka huko, utafikia wapi?

Jana mshikaji kaniandikia tena. Safari hii hakutuma picha. Kaniuliza tu kama naweza kumpelekea korosho za Mtwara kilo mbili, za kukaanga.

Brazil, jamani. Korosho.