Ukitaka kununua wiki ya likizo, pima kwanza barabara na kalenda

Ikiwa wewe hupitapita katika maduka makubwa ya Nairobi mwisho wa mwezi, huenda umewahi kusimamishwa na kijana aliyevaa tai, akakuuliza kama una ndoa na kama una watoto. Ukijibu ndiyo, hukupa kikaratasi ujaze jina na nambari ya simu. Siku mbili baadaye unapigiwa simu na kupongezwa: wewe na mwenzako mmealikwa chakula cha mchana hotelini, na hakuna malipo yoyote.

Hivyo ndivyo sisi wa mtaa wa Jamhuri tulivyojikuta, Jumamosi moja ya Aprili 2025, tukila samaki wa kupaka na kutazama picha za bahari. Kufikia saa kumi jioni tulikuwa tumetia sahihi. Tulinunua wiki moja kila mwaka, kwa miaka 20, katika nyumba ya vyumba viwili huko Diani. Bei ilikuwa Sh480,000. Tulitanguliza Sh40,000 papo hapo, pesa ambazo nilikuwa nimepokea kutoka kwa chama chetu cha akina mama wiki hiyo hiyo.

Jioni hiyo, kabla hata sijavua viatu, simu ililia. Alikuwa mama mkwe, akipiga kutoka Kakamega.

"Mama Imani, mvua imeanza na paa la jikoni linavuja," akasema. "Lakini hilo si neno. Krismasi mtakuja?"

Nilimjibu kwamba tutakuja. Nilipokata simu nilimtazama mume wangu, naye akautazama ule mkataba juu ya meza.

Kabla ya kuendelea, hebu tuelezane biashara hii ni ipi. Wauzaji huiita taimushea. Nyumba moja ya likizo huuzwa kwa familia nyingi, kila moja ikipewa wiki yake katika mwaka, na wiki moja au mbili zikiachwa kwa ukarabati. Ilianzia Ulaya katika miaka ya 1960. Kampuni ya Hapimag ya Uswisi iliundwa mwaka 1963, na katika milima ya Alps nchini Ufaransa wenye hoteli za kuteleza thelujini waliwaambia wateja waache kukodi chumba na badala yake wakinunue. Mwaka 1974 kukaanzishwa nchini Marekani kampuni ya RCI, inayowawezesha wanachama kubadilishana wiki. Kampuni hiyo ilizigawa wiki kwa rangi: nyekundu kwa msimu wa watalia wengi, nyeupe kwa msimu wa kadiri, na buluu kwa msimu ambao watu ni wachache.

Yetu ilikuwa wiki ya pili ya Mei. Sikuuliza ni ya rangi gani.

Jumapili baada ya kanisa tulimpelekea jirani yetu mkataba huo. Yeye ni wakili. Aliusoma wote, jambo ambalo sisi hatukufanya, kisha akatuambia maneno yaliyotufanya tupumue. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inaitaja biashara hii waziwazi. Mnunuzi ana haki ya kuuvunja mkataba wa aina hii bila kutoa sababu yoyote, mradi afanye hivyo kabla ya siku 10 kupita tangu apokee nakala yake iliyoandikwa.

"Mna siku tisa," akasema. "Msizitumie kugombana. Nendeni mkaone mlichonunua."

Shule zilikuwa zimefungwa. Mume wangu akaomba ruhusa kazini. Katika ule mkutano wa chakula tulikuwa tumeonyeshwa sehemu tatu: Naivasha, Diani na Watamu. Tukaamua kuanza na iliyo karibu.

Naivasha iko umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na kwa mkazi wa Jamhuri safari hiyo ni nyepesi. Hulazimiki kuingia katikati ya mji. Siku ya Jumanne tulishika Ngong Road, tukaupita uwanja wa mashindano ya farasi, tukaingia Southern Bypass kuelekea Kikuyu. Huko Rironi tukashika njia ya chini, ile inayoshuka bondeni hadi Mai Mahiu. Watoto walitaka kusimama penye kanisa dogo la Wataliano lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita waliokuwa wakiitengeneza barabara hiyo. Tulisimama, tukanunua mahindi ya kuchoma, tukautazama Mlima Longonot ukiwa umejifunika ukungu. Saa nne asubuhi tulikuwa kando ya ziwa.

Naivasha ina mambo yanayoifaa familia. Katika Mbuga ya Hell's Gate, iliyotangazwa rasmi mwaka 1984, mtoto anaweza kuendesha baiskeli akipishana na pundamilia na twiga, jambo ambalo katika mbuga nyingine nyingi haliruhusiwi. Joto si kali, kwani ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku utahitaji sweta.

Lakini ziwa hilo lina tabia zake. Tulipokodi mashua, nahodha alituonyesha migunga mikavu iliyosimama ndani ya maji.

"Mama, hapa tunapopita palikuwa nchi kavu," akaniambia. "Watu walikuwa wakiegesha magari."

Ni kweli. Mwaka 2009 ukame ulilirudisha ziwa nyuma sana. Mwaka 2020 maji yalipanda, pamoja na ya maziwa mengine ya Bonde la Ufa, yakaingia hotelini na kuwahamisha wakazi wa mtaa wa Kihoto. Kwa hivyo, msomaji, ukionyeshwa nyumba ya Naivasha na kuambiwa kwamba iko "hatua chache kutoka majini", usifurahi haraka. Waulize wenyeji maji yalifika wapi mwaka 2020. Isitoshe, kiboko hutoka kula nyasi giza linapoingia, na yeye hajui mpaka wa bustani ya mtu.

Jioni hiyo hiyo tulilala kwetu Jamhuri. Tulikuwa tumetumia mafuta ya gari, ada ya mbuga, kodi ya mashua na chakula, basi.

Alhamisi ikawa zamu ya Diani. Kwa bahati tulipata viti katika gari la moshi la SGR. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mwanzoni mwa mwaka 2024. Kwa wazazi wawili, kwenda na kurudi, hizo ni Sh6,000, kabla ya kuhesabu watoto, teksi ya kutoka Jamhuri hadi Syokimau, na gari la kututoa Miritini hadi Diani. Ilikuwa nafuu kwetu kwamba barabara ya Dongo Kundu sasa inampeleka msafiri Kwale bila kupanda feri ya Likoni. Hata hivyo, tulitoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na tukafika alasiri, kitinda mimba wetu akiwa amelala begani mwa babake.

Sitaki kuikosea Diani heshima. Mchanga wake ni mweupe kama unga wa sembe. Mbega huvuka barabara kwa ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya miti ili wasigongwe na magari. Kusini kidogo kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Wazee wa hapo humwongoza mgeni na kumweleza miti ya dawa. Binti yetu Imani bado anaizungumzia siku hiyo.

Lakini mvua ilikuwa imefika. Mwani ulikuwa umerundikana ufuoni, bahari imechafuka, na wauzaji wa vinyago wameketi chini ya maturubai wakicheza bao. Tulipofika kwenye nyumba "yetu", mlinzi alitufungulia kwa ukarimu. Ilikuwa nyumba nzuri, siwezi kusema uongo. Ila vyuma vya madirisha vilikuwa vimeanza kuliwa na kutu.

"Ni chumvi ya bahari," mlinzi akasema. "Hapa rangi hupakwa kila mara."

Nikaikumbuka ile ada ya matengenezo. Mkatabani ilikuwa Sh26,000 kwa mwaka, na chini yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba inaweza kuongezwa. Ada hiyo hulipwa hata mwaka ambao hukusafiri.

"Mwezi wa tano hali huwaje?" mume wangu akamwuliza.

"Mwezi wa tano?" Mlinzi alicheka kidogo, kisha akajizuia. "Mwezi wa tano ndiyo mvua yenyewe, bwana."

Hapo ndipo nilipoona aibu. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, si mbali na nyumbani kwetu. Kila siku naipita ile ofisi nikienda kazini, na sikuwahi kujiuliza ni mwezi gani Pwani hupata mvua nyingi zaidi. Ni Mei. Zaidi ya hayo, wiki ya pili ya Mei watoto wako darasani. Tulikuwa tumenunua wiki ambayo hatungeweza kuitumia hadi kitinda mimba amalize shule.

Muuzaji alikuwa ametuhakikishia kwamba tutaibadilisha na ya Agosti au Desemba. Lakini jiulize, msomaji: nani mwenye wiki ya Desemba atakupa yake achukue yako ya mvua?

Hata anayemudu wiki ya Agosti ana jambo la kufikiria. Katiba yetu imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2017 na 2022, na unaofuata ni Agosti 10, 2027. Familia nyingi hazipendi kuwa mbali na nyumbani wakati huo. Kalenda ya shule nayo si ya kutegemea kwa miaka 20. Korona ilifunga shule Machi 2020, na mihula ikavurugika hadi Januari 2023. Mwaka 2024 mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hadi katikati ya Mei. Mwenye kukodi hubadilisha tarehe, lakini aliyenunua wiki amefungwa nayo.

Ndani ya gari la moshi la kurudi, mume wangu alitoa kalamu. Sh480,000 ukizigawa kwa miaka 20 ni Sh24,000 kwa mwaka. Ongeza ada ya Sh26,000, inakuwa Sh50,000 kwa usiku saba, kabla ya nauli. Nyumba ya vyumba viwili tuliyolala kule Diani ilitutoza Sh6,000 kwa usiku. Usiku saba ni Sh42,000, na mwaka ambao huna pesa hudaiwi na mtu.

Watamu hatukufika safari hii, ingawa naijua kwa kazi. Magofu ya Gede na hifadhi ya bahari ya mwaka 1968 ni shule tosha kwa mtoto. Ila ukishuka Miritini una zaidi ya kilomita 100 nyingine za barabara mbele yako.

Jumatatu, siku ya tisa, tulipeleka barua ya kuvunja mkataba kwa mkono na kudai nakala yetu igongwe muhuri. Pesa zetu zilirudi, baada ya simu nyingi. Nusu ilikwenda kwa mabati ya jikoni la mama mkwe. Agosti tulikodi nyumba Naivasha kwa siku tatu, mbali na maji. Desemba tulikwenda Kakamega, na kwa mara ya kwanza tukawapeleka watoto katika Msitu wa Kakamega, ulio karibu na nyumbani kwa nyanya yao kuliko Diani ilivyo karibu na Jamhuri. Nyanya mwenyewe alitangulia njiani, akiwatajia majina ya miti.

Sikwambii usinunue, mpenzi msomaji. Ikiwa umepania, nakushauri hivi. Anza na barabara: chagua mahali ambapo familia yako inaweza kufika hata katika mwaka mbaya, kwa gari la kawaida na nauli ya kawaida. Kwa sisi wa magharibi mwa Nairobi, Naivasha inaishinda Pwani kwa kununua. Pwani ni ya kukodi. Pili, weka wiki unayouziwa kando ya kalenda ya shule na ya mvua. Tatu, kodi mahali hapo hapo angalau mara mbili, mara moja ikiwa msimu wa mvua. Nne, uliza ada imepanda kwa kiasi gani miaka iliyopita, na kama wanao watairithi. Tano, omba nakala ya mkataba siku hiyo hiyo na uihesabie siku zake 10.

Zaidi ya yote, usitie sahihi ukiwa umeshiba chakula cha mwenye kuuza. Mbuzi aliye kwenye gunia hatambuliki mpaka gunia lifunguliwe, nasi tulifungua letu zikiwa zimebaki siku chache tu.