Tezi Moja, Tezi Nyingi

Mwanza. Jumanne, 5 Machi 2024

Nimechoma sindano watu saba leo. Wa mwisho alikuwa fundi mitumbwi wa miaka 41, nikamkumbuka hata kabla hajakaa. Oktoba alilala kwenye kitanda hiki hiki, nikavuta maji kidogo kutoka tezi ya shingo, nikaandika: tezi imechokozwa, hakuna seli za saratani. Kila neno lilikuwa kweli na halikumfaa kitu. Alikotoka walimwanzishia dawa za TB, makohozi hayana kitu, kinyama hakijakatwa. Dozi anaimaliza mwezi huu. Homa humshika wiki nzima, ikamwacha, ikarudi. Tezi sasa ziko shingoni, kwapani na kwenye kinena, na wengu nimeupapasa vidole vinne chini ya mbavu. ARV anameza tangu 2017, hakosi, na kipimo hakioni tena VVU kwenye damu yake.

"Daktari, safari hii usinichome. Nikate."

Yeye mgonjwa ndiye aliyeniambia. Sindano hunipa seli zilizotawanyika kama mchele uliomwagika. Ninachotaka kukiona kwake kiko kwenye mpangilio wa tezi, na mpangilio hauji bila tezi nzima. Nilipaswa kuliandika hilo Oktoba, mstari mmoja tu chini ya majibu: homa ikiendelea, toeni tezi. Sikuliandika. Upasuaji ni keshokutwa.

Alhamisi, 7 Machi

Binti wa Ukerewe. Ana miaka 9, kimo cha mtoto wa miaka 6. Damu 6.4. Mama yake kaja na mfuko wa chupa tupu za dawa ya kuongeza damu, miaka miwili ya chupa, kazitunza zote. Alizipanga mezani moja moja bila kusema neno, nami sikuwa na la kumwambia. Minyoo imetibiwa, malaria hana, selimundu hana. Ultrasaundi imeona uvimbe wa sentimita 6 kwenye utando unaoshikilia utumbo.

Wodini jina limeshatoka: Burkitt, saratani ya tezi. Siwalaumu. Mtoto, tumbo, Kanda ya Ziwa. Nani asingesema hivyo? Lakini Burkitt huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Uvimbe ulioanza kumdumaza mtoto akiwa na miaka 7 na bado anatembea kuja kliniki si Burkitt. Niliomba kwenye kikao kemo isianze kabla sijaona kinyama. Daktari wa watoto akaniuliza ninawaza nini. Nikasema ugonjwa wa Castleman. Wawili walitoa simu kutafuta jina linaandikwaje.

Jumamosi, 16 Machi

Maabara tupu, feni tu inalia. Nimeziweka slaidi zote mbili mezani, ya binti na ya fundi, nimekuwa nikizibadilisha chini ya hadubini tangu asubuhi.

Ya binti: vitovu vya tezi vimesinyaa, limfosaiti zimevizunguka pete ndani ya pete kama kitunguu kilichokatwa, na mshipa mdogo umechoma katikati kama kijiti cha pipi. Kati ya kitovu na kitovu, seli za plazma zimejaa. Daktari wa upasuaji anasema uvimbe ulitoka mzima, haukushika utumbo, na tumboni hakukuwa na tezi nyingine iliyovimba.

Ya fundi: vitovu vilivyosinyaa vipo pia, lakini seli za plazma zimetanda kila mahali, na pembezoni mwa vitovu kuna seli kubwa kubwa zenye kiini kilichokodoa macho. Hizo ndizo zinazonitia hofu. Kipande cha nta kinakwenda Dar es Salaam Jumatatu, wakitie rangi ya kutafuta kirusi cha HHV-8.

Benjamin Castleman alikuwa mtu wa hadubini kama mimi, pale Massachusetts General, Boston. Aliandika kuhusu mgonjwa mmoja mwaka 1954, na mwaka 1956 wakakusanya 13, wote wana tezi moja kubwa kifuani iliyofanana na uvimbe wa tezi ya thimasi. Ugonjwa wake ulikuwa wa tezi moja. Wenye tezi nyingi waliingizwa chini ya jina lake baadaye, na tangu hapo tunasema Castleman tukimaanisha mambo yaliyo mbalimbali kama jipu na homa ya matumbo. Natamani wangepewa jina lao.

Ijumaa, 22 Machi

CRP ya binti, kipimo cha uchochezi mwilini, ilikuwa 142 kabla ya upasuaji. Leo 9. Siku kumi tu! Mama anasema jana kaomba ugali mara ya pili, na manesi wamenisimulia hilo kabla hawajanipa karatasi ya vipimo.

Nimemweleza mama kwa mchoro nyuma ya bahasha. Ile tezi moja ilikuwa inamwaga interlukini 6 kwenye damu usiku na mchana. Ini likipokea ujumbe huo hutoa hepsidini, na hepsidini hufunga chuma kwenye maghala ya mwili, uboho ukabaki unakisubiri. Chuma cha kwenye chupa nacho hakikupata njia ya kutoka utumboni. "Kwa hiyo dawa haikuwa mbovu?" Haikuwa mbovu, mama, na wewe hukukosea kumpa. Alikaa kimya, kisha akaikunja bahasha na kuitia kwenye kanga.

Watoto wengi wenye Castleman huja hivi. Tezi moja, mara nyingi imejificha tumboni au kifuani, na pengine mtoto amedumaa na amepauka, homa za hapa na pale. Ikitolewa yote, mara nyingi ndiyo mwisho wa ugonjwa. Wapo watoto wanaopata wa tezi nyingi, ila ni wachache, na kwao lile swali la kirusi halina budi kuulizwa vilevile.

Kwa mkubwa mwenye tezi nyingi, kisu hakina pa kuanzia. Tezi iliyotolewa kwapani kwa fundi ilikuwa ya kusoma tu, haikumpunguzia hata homa ya siku moja.

Jumatano, 3 Aprili

Majibu ya Dar: kirusi cha HHV-8 kipo, ndani ya zile seli kubwa za pembezoni.

Ni kirusi kile kile ambacho Yuan Chang na Patrick Moore walikigundua mwaka 1994 kwenye vidonda vya saratani ya Kaposi. Kimebeba nakala yake ya interlukini 6, kwa hiyo mwili wa fundi unawashwa moto na ile yake mwenyewe na ya mgeni. Kinachonikosesha usingizi ni njia yake. Kinaenea kwa mate, na katika nchi zetu hizi wengi hukipata utotoni. Huenda fundi alikuwa nacho tangu umri wa yule binti, kimetulia miaka thelathini.

Kule Marekani ipo siltuksimabu tangu 2014, inakamata interlukini 6, lakini ilipitishwa kwa wasio na VVU wala HHV-8. David Fajgenbaum, aliyeugua mwaka 2010 akiwa mwanafunzi wa udaktari Pennsylvania, ana aina ya tatu, tezi nyingi bila kirusi, na ikabidi ajitafutie dawa yake, sirolimusi. Wa kwetu anahitaji rituksimabu. Tumeandika barua ya kuiombea. Wakati tunasubiri, ameanza etoposaidi, iliyopo. Homa imeshuka usiku wa pili.

Jumatatu, 8 Julai

Binti kaongezeka sentimita 3. Damu 12.1. "Shikamoo daktari," kisha akasimama mwenyewe ukutani apimwe tena, hakuridhika na kipimo cha nesi.

Fundi alikuja mchana. Rituksimabu ilipatikana Mei, sindano nne zimeisha. Kapungua, lakini wengu siupati tena kwa vidole, na wiki iliyopita alipiga misumari siku tatu mfululizo. Ataendelea kuja kila mwezi, maana homa hii hujua kurudi, na Kaposi nayo huwa jirani yake. Leo hakuja peke yake. Kaja na mtoto wa kiume, miaka 8, ana uvimbe chini ya taya.

"Umesema ni mate, daktari. Sisi tunakula sahani moja."

Hajalala tangu Jumamosi, macho yamesema. Nimemkalisha mtoto kwenye kitanda cha sindano. Tezi moja, kama punje ya mahindi, laini, inateleza chini ya kidole, inauma kidogo. Nimepapasa shingo upande wa pili, kwapa zote, kinena, tumbo, wengu. Hakuna. Ukope wa chini mwekundu vizuri. Anakua, suruali imemfupikia. Nikamwambia afungue kinywa: gego la chini kulia limetoboka mpaka kwenye fizi.

Sikumchoma. Nimemwandikia kwenda kwa daktari wa meno, na safari hii nimeandika mstari wa chini: arudi kwangu baada ya wiki nne, tezi ikiwa bado ipo, itolewe nzima.